Majumba ya Salem na fedha ya Zanzibar

Anayekwenda kuazima kitabu katika maktaba ya umma ya Salem, jimboni Massachusetts, huingia kwenye jumba lililojengwa na mfanyabiashara wa pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Kapteni John Bertram alilijenga mwaka 1855 katika Mtaa wa Essex, kwa matofali mekundu na mawe ya kahawia, kwa mtindo wa Kiitaliano uliokuwa ukipendwa na matajiri wa wakati huo. Alifariki mwaka 1882. Miaka mitano baadaye warithi wake waliukabidhi mji jumba hilo, na mwaka 1889 likafunguliwa kwa wasomaji. Bertram alikuwa amechuma katika pilipili ya Sumatra, katika ngozi, baadaye katika reli. Lakini bandari moja iliyompa faida mwaka hadi mwaka, kwa miongo kadhaa, ilikuwa Unguja.

Wamarekani wengi wakisikia Salem hufikiria uchawi. Mwaka 1692 watu 20 waliuawa hapa kwa tuhuma hizo, 19 kwa kitanzi na mmoja, mzee Giles Corey, kwa kulundikiwa mawe kifuani hadi akakata roho. Habari hiyo ndiyo inayojaza mabasi ya watalii. Kwa mpenda majengo, hata hivyo, mji huu mdogo wa pwani kaskazini mwa Boston, ulioanzishwa mwaka 1626, una hazina nyingine: nyumba za karne ya 17, ya 18 na ya 19, za mbao na za matofali, zikiwa karibu karibu kiasi kwamba mtu anaweza kuzizungukia zote kwa miguu katika siku moja.

Zimebakije? Jibu la kwanza halina uzuri wowote: Salem iliishiwa. Mji wenye fedha hubomoa nyumba za mababu na kujenga mpya. Mji uliokwama huziba nyufa na kuendelea kuishi humo humo. Lakini umaskini hauzibi paa linalovuja kwa miaka 200. Ilibidi baadaye apatikane mtu wa kulipa seremala, na katika Salem sehemu ya malipo hayo ilikuwa imepitia forodha ya Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar.

Tuanze na mbao. Mwaka 1668 nahodha na mfanyabiashara John Turner alijenga nyumba yake ukingoni mwa bandari: vyumba viwili chini, viwili juu, na dari kubwa chini ya paa. Mafundi walijenga kama walivyojenga Waingereza wa vizazi vya nyuma, kwa mwaloni mzito. Mifupa ya nyumba ya namna hii haikuungwa kwa misumari. Ncha ya boriti ilichongwa ulimi, nguzo ikatobolewa tundu, ulimi ukaingizwa tunduni, kisha vyote viwili vikatobolewa kwa pamoja na kukazwa kwa kigingi cha mbao. Mbao mbichi zilipokauka zilijikunja na kukibana kigingi zaidi. Ukisimama katika chumba cha chini na kutazama juu, utaona boriti kuu ikikatiza dari kutoka upande hadi upande, ikiwa imebeba viunzi vyote vya ghorofa ya juu.

Katikati ya nyumba za aina hiyo husimama bomba la moshi la matofali, pana, ili meko ya vyumba vyote yategemeane na joto lisipotelee nje. Paa lina mteremko mkali kwa sababu ya theluji. Ghorofa ya juu huchomoza kidogo mbele ya ile ya chini. Madirisha yalikuwa madogo, maana kioo kilitoka ng'ambo na kilikuwa ghali. Kilikatwa vipande vidogo vya umbo la almasi na kuunganishwa kwa vipande vya risasi. Kuta za nje zilifunikwa kwa mbao nyembamba zilizopandana, kila moja ikikalia kichwa cha mwenzake ili maji ya mvua yateremke. Na chokaa? Massachusetts ya wakati huo ilikuwa na mawe machache sana ya chokaa, kwa hiyo walowezi walichoma makombe ya chaza. Fundi wa Lamu au Pemba, anayejua tanuri la matumbawe linavyokula kuni, angewaelewa bila mkalimani.

Familia ya Turner ilipopata ilijenga zaidi. Sebule kubwa iliongezwa upande wa bahari, dari zake zikiwa juu kuliko za vyumba vya kwanza. Kizazi kilichofuata kikafunika kuta za ndani kwa mbao zilizopakwa rangi, kama ilivyokuwa fasheni mwanzoni mwa karne ya 18. Paa nalo likaota ncha za pembetatu kila upande. Mwaka 1782 nyumba iliangukia mikononi mwa Kapteni Samuel Ingersoll, naye akaziondoa baadhi ya ncha hizo kwa kuwa zilishaonekana za kizamani. Binti yake Susanna alikuwa na ndugu mmoja aliyependa kumtembelea, kijana mwandishi aitwaye Nathaniel Hawthorne. Nyumba aliyoiona Hawthorne ilikuwa imebaki na ncha tatu tu. Riwaya aliyoichapisha mwaka 1851, The House of the Seven Gables, iliipa saba, na ndilo jina ambalo dunia inalijua jumba la Turner kwalo hadi leo.

Matofali yalikuja na utajiri. Nyumba ya matofali ya zamani kuliko zote zilizobaki Salem ni ya mwaka 1762, iliyojengwa na Kapteni Richard Derby kama zawadi ya harusi kwa mwanawe, Elias Hasket Derby. Inatazama gati la familia, linaloingia baharini kwa karibu nusu maili. Baada ya Marekani kupata uhuru na kufungiwa bandari nyingi za Waingereza, Elias alituma meli zake Rasi ya Tumaini Jema, Mauritius, India na China, akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa taifa hilo changa. Nyumba ya zawadi ikamwia ndogo. Alijijengea jumba la fahari katikati ya mji, akalikamilisha mwaka 1799, na mwaka huo huo akafa. Warithi walishindwa kulitunza, wanunuzi hawakuonekana, na mwaka 1815 likabomolewa. Kiwanja chake kikawa soko. Nyumba ya fahari kuliko zote mjini haikudumu hata miaka 20, huku ile ya harusi ikiwa bado imesimama chini ya ulinzi wa serikali kuu, ndani ya eneo ambalo mwaka 1938 lilikuwa la kwanza Marekani kupewa hadhi ya eneo la kihistoria la taifa.

Miongoni mwa waliolitengeneza jumba lile lililobomolewa alikuwamo Samuel McIntire, na bila yeye Salem ingekuwa mji mwingine. Alizaliwa hapa mwaka 1757, mtoto wa seremala, akajifunza usanifu kwa vitabu na kwa patasi. Mwaka 1792 alidiriki kupeleka mchoro kwenye shindano la kubuni jengo la Bunge la Marekani jijini Washington. Hakushinda. Alirudi kwenye kazi ya kuwajengea manahodha, na hadi alipofariki mwaka 1811 alikuwa ameupa mji sura yake.

Kazi yake inayosifiwa zaidi ni nyumba aliyomjengea mfanyabiashara John Gardner mwaka 1804 katika Mtaa wa Essex, hatua chache kutoka makumbusho ya Peabody Essex yanayoimiliki leo. Kwa mbali ni boksi la matofali la ghorofa tatu. Uzuri wake huja kwa kusogea. Kila ghorofa imetengwa na nyingine kwa mkanda mwembamba wa marumaru nyeupe. Madirisha ya ghorofa ya juu ni mafupi kuliko ya chini, hivyo jicho hudanganywa na nyumba huonekana nyepesi. Mlangoni kuna kibaraza cha nusu duara kilichobebwa na nguzo nyembamba, na juu kabisa ya paa lililolala kuna uzio wa mbao unaoficha mteremko. Ndani, McIntire aliweka sahihi yake kwenye fremu za meko: miganda ya ngano iliyochongwa, kila suke likihesabika, na vikapu vya matunda. Ni mbao za kawaida tu zilizopakwa rangi nyeupe, wala si mawe. Ukipitisha macho kwa karibu unaona pale patasi ilipogeuka.

Katika nyumba hiyo hiyo, usiku wa Aprili 6, 1830, mzee Joseph White, mwenye miaka 82, aliuawa kitandani. White alikuwa tajiri wa meli aliyewahi pia kufanya biashara ya watumwa. Waliopanga mauaji walikuwa wakiwinda urithi. Muuaji waliyemkodi alijinyonga gerezani, na ndugu wawili wa familia ya Knapp wakanyongwa baada ya mwendesha mashtaka Daniel Webster kutoa hotuba iliyosomwa nchi nzima. Waongozaji wa watalii huipenda hadithi hii, na si ajabu. Lakini mwenye nyumba aliyefuata anawahusu zaidi wasomaji wa Afrika Mashariki.

Huyo ni David Pingree, aliyeinunua mwaka 1834. Pingree alikuwa na meli, benki na misitu katika jimbo la Maine, na alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa Salem katika soko la Zanzibar. Wakati ulikuwa mzuri. Septemba 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitia saini mjini Muscat mkataba na Sayyid Said bin Sultan, uliowaruhusu Wamarekani kufanya biashara katika milki yake kwa ushuru wa asilimia tano. Mwanzoni mwa miaka hiyo meli nyingi za kigeni zilizotia nanga Unguja zilikuwa za Marekani, na nyingi ya hizo zilikuwa zimeng'oa nanga Salem. Machi 1837 akashuka Unguja konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mwenyeji wa Salem, ambaye alikuwa pia wakala wa kampuni ya Pingree. Serikali na duka katika mkono mmoja. Waters akaelewana vizuri na Jairam Shivji, tajiri wa Kihindi aliyekuwa amekodi forodha ya Sultani, na wafanyabiashara wa Kiingereza wakabaki wakilalamika kwamba mlango umefungwa.

Meli zilikwenda na nguo ya pamba isiyotiwa rangi, ile merikani iliyolipa wapagazi na kutolewa hongo kwa watemi kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Mwishoni mwa miaka ya 1840 Salem yenyewe ilikuwa na kiwanda kikubwa cha nguo kilichoendeshwa kwa mvuke, Naumkeag. Zilirudi na pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi. Pembe hatimaye zilifika Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa vibao vyembamba vya kubandikwa kwenye vitufe vya piano, na piano zikaingia sebuleni.

Sandarusi ina hadithi yake. Ni utomvu wa miti ya kale uliogandia ardhini, uliochimbwa Mrima, bara ya pwani inayotazamana na Unguja. Ulipofika Salem ulikuwa umefunikwa na gamba la mchanga na udongo. Karibu na bandari kulikuwa na karakana iliyoulowesha kwenye maji ya magadi na kuusugua mpaka ukaonekana uso wake halisi, wenye vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ukishasafishwa uliyeyushwa na kuwa vanishi ya daraja la kwanza, ya magari ya farasi na samani. Kwa hiyo mng'aro wa meza nyingi za New England za katikati ya karne ya 19 ulichimbwa kwa jembe katika udongo wa Mrima.

Hakuna upande wa biashara hii uliokuwa safi. Pembe zilifika pwani mabegani mwa watu, baadhi yao watumwa. Karafuu zilichumwa na watumwa wa Unguja na Pemba. Pamba ya merikani ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini mwa Marekani. Massachusetts yenyewe ilikuwa imeachana na utumwa kwa hukumu za mahakama za miaka ya 1780, na Salem ilikuwa na wapinga utumwa wakali, waliokaa mitaa michache kutoka kwa watu waliopanga mizigo hiyo.

Kufikia hapo mji ulikuwa umeshaanza kurudi nyuma. Marufuku ya biashara ya nje iliyowekwa na Rais Thomas Jefferson mwishoni mwa mwaka 1807 iliziacha meli zikioza gatini. Bandari ya Salem ilikuwa na kina kidogo, na meli mpya zilizidi kuwa kubwa. Boston ikavuta kila kitu, kisha New York. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa njia za mwisho ambazo Salem iliweza kuzing'ang'ania, hadi karibu mwaka 1870.

Watu wa Salem walikuwa pia na tabia ya kutotupa nyumba. Mfano wa kuchekesha ni Kapteni Nathaniel West, aliyemwoa binti wa Elias Derby na kuachana naye kwa kesi iliyousisimua mji. Sehemu ya nyumba ya shambani ya mtalaka wake ilipomwangukia kwa njia ya urithi, West hakuiuza. Alivikata vyumba vinne kutoka kwenye nyumba hiyo, akavibandua ardhini na kuvivuta kwa maksai hadi Mtaa wa Chestnut, ambako karibu mwaka 1821 vikawa mwanzo wa nyumba mpya. Leo inaitwa Phillips House, na ndiyo pekee katika mtaa huo mashuhuri iliyo wazi kwa wageni wakati wote wa msimu. Nyingine bado ni makazi ya watu, pazia likiwa limevutwa.

Halafu akatokea Caroline Emmerton. Alizaliwa mwaka 1866. Mama yake alikuwa binti wa John Bertram, yule wa maktaba. Baba yake, George Emmerton, alikuwa mbia katika Ropes, Emmerton na Kampuni, nyumba ya biashara iliyorithi shughuli za Bertram huko Unguja. Kwa pande zote mbili, basi, bibi huyu alikuwa mtoto wa Zanzibar kwa mapato, ingawa alikulia katika theluji. Mwaka 1908 alilinunua jumba la Turner na kumwajiri msanifu Joseph Everett Chandler, aliyekuwa na uzoefu wa nyumba ya Paul Revere jijini Boston. Mwaka 1910 wageni wakaanza kulipia kiingilio.

Emmerton hakuwa akikusanya vitu vya kale kwa ajili ya kujifurahisha. Mtaa wa Derby ulikuwa umejaa wahamiaji, wengi wao Wapolandi waliofanya kazi viwandani, na yeye alitaka kituo cha kuwafundisha lugha, ushonaji, useremala, na kuwalea watoto wao wakati wazazi wako kazini. Kituo kilihitaji mapato ya kudumu. Jumba lenye jina la riwaya mashuhuri lingeyaleta. Hii ndiyo sababu ukarabati wake haukufuata historia peke yake. Chandler alirudisha ncha za paa hadi zikafika saba, nyingine kwa kufuata alama zilizoonekana kwenye boriti za darini. Lakini pia aliweka duka dogo la mbele, kama lile la mhusika mkuu wa riwaya, na ngazi nyembamba ya siri inayozunguka kando ya bomba la moshi hadi chumba cha juu. Emmerton alisema mmiliki wa zamani alimsimulia kwamba ngazi kama hiyo iliwahi kuwapo. Hata hivyo, ile wanayoipanda wageni, mabega yakigusa kuta mbili, ni ya karne ya 20.

Wahifadhi wa leo huikunjia uso ngazi hiyo. Wana haki, kwa kiasi. Kanuni yao ni kwamba kisichojulikana kisibuniwe, na kilichoongezwa kionekane kuwa kimeongezwa. Lakini ngazi ya Chandler sasa ina zaidi ya miaka 100, imekwisha kuwa sehemu ya historia ya jinsi Wamarekani walivyotaka kuyaona majumba yao, na kuing'oa ili kuirudisha nyumba mwaka 1668 kungeizalia Salem ubunifu mwingine. Mwaka 1668 gani, kwa kweli? Wa kabla ya sebule ya bahari, au wa baada yake? Kila nyumba iliyohifadhiwa imesimamishwa kwenye tarehe iliyochaguliwa na mtu fulani, na mara nyingi tarehe hiyo hueleza zaidi kuhusu mchaguaji kuliko kuhusu nyumba.

Emmerton hakuwa peke yake. Wakati huo huo George Francis Dow wa Essex Institute aliihamisha nyumba ya John Ward, ya mwaka 1684, kutoka karibu na jela na kuiweka nyuma ya jengo la taasisi, ikawa mojawapo ya majaribio ya mwanzo ya makumbusho ya wazi nchini Marekani. Mwaka 1910 mjini Boston William Sumner Appleton alianzisha chama cha kuhifadhi mambo ya kale ya New England. Katika majimbo ya kusini kina mama walikuwa wameshatangulia: chama cha Ann Pamela Cunningham kililinunua jumba la George Washington, Mount Vernon, mwaka 1858, kwa dola 200,000, serikali ya Virginia na ya taifa zikiwa zimekataa.

Juni 25, 1914, moto ulianza katika kiwanda cha ngozi magharibi mwa mji. Upepo uliusukuma kupitia mitaa ya wafanyakazi hadi kiwanda cha Naumkeag. Majengo zaidi ya 1,300 yaliteketea na karibu watu 20,000 wakapoteza makazi au kazi. Mtaa wa Chestnut ulinusurika. Jumba la Turner pia.

Hatari iliyofuata ilikuja na barua rasmi. Mwaka 1944 upanuzi wa barabara ulitishia nyumba ya Jonathan Corwin, jaji wa kesi za uchawi, nyumba ambayo ndiyo jengo pekee mjini lenye uhusiano wa moja kwa moja na kesi hizo. Wakazi waliunda chama, wakachanga, nyumba ikasukumwa nyuma kiasi cha mita 10 na kuokolewa. Katika miaka ya 1960 mamlaka ya uendelezaji wa mji ilileta mpango wa kufagia sehemu kubwa ya katikati ya mji kwa ajili ya maduka mapya na maegesho. Mwaka 1965 Ada Louise Huxtable, mhakiki wa usanifu wa New York Times, aliuandikia mpango huo makala yenye makali, na Salem ikawa habari ya nchi nzima. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya taifa ya uhifadhi wa maeneo ya kihistoria. Hadi tingatinga zinasimamishwa majengo kadhaa yalikuwa yamekwenda, lakini katika miaka ya 1970 mpango uligeuzwa: badala ya kubomoa, kukarabati.

Kilichochelewa kurudi ni watu. Kwa miongo mingi ziara za majumba haya zilihusu manahodha na kabati zao za vyombo vya China. Hamilton Hall, ukumbi wa dansi uliojengwa na McIntire mwaka 1805 katika Mtaa wa Chestnut, ulisifiwa kwa madirisha yake. Aliyeuendesha jikoni na mezani alikuwa John Remond, Mweusi aliyefika kutoka kisiwa cha Curaçao mwaka 1798 akiwa mtoto, peke yake melini. Ndiye aliyeandaa karamu ya Jenerali Lafayette mwaka 1824. Mwaka 1835 watoto wake walipofukuzwa shuleni kwa sababu ya rangi, familia ilihamia Newport kwa muda. Salem ilifuta ubaguzi huo shuleni mwaka 1844. Binti yake Sarah Parker Remond alitolewa kwa nguvu kwenye ukumbi wa maonyesho Boston mwaka 1853, akashtaki na kulipwa dola 500. Mwaka 1859 alifika Uingereza kuhutubia dhidi ya utumwa, akiwaeleza watu wa Manchester, waliosokota pamba ya kusini, nani aliyeichuma. Siku hizi jina la Remond nalo linatajwa kwa wageni wa Hamilton Hall, na ni haki yake.

Miunganiko ya Zanzibar inajulikana kwa watafiti, lakini mgeni wa kawaida huipita bila kuambiwa. Ni hasara, maana hadithi ya nyumba ya Gardner na Pingree ikikomea kwenye miganda ya ngano na mauaji ya White, nusu ya waliolipia maisha ya humo hawatajwi.

Siku hizi tatizo la Salem si upungufu wa wageni. Oktoba, mwezi wa Halloween, mji wenye wakazi wasiofika 50,000 umekuwa ukipokea wageni zaidi ya milioni moja, na mbao za sakafu za mwaka 1668 zinahisi kila kiatu. Bahari nayo inapanda, na jumba la Turner liko hatua chache tu kutoka ukuta wa bandari. Nyumba tatu zilizo kwenye uwanja wake ziliwahi kuhamishwa kutoka sehemu nyingine za mji, ya mwisho ikiwa ile aliyozaliwa Hawthorne, mwaka 1958, kwa hiyo fikra ya kuhamisha si ngeni hapo. Jumba lenyewe, na mabawa yake na ngazi yake, ni mzigo wa aina nyingine.

Kazi aliyoianzisha Emmerton inaendelea. Fedha za tiketi husaidia masomo ya Kiingereza na ya uraia kwa wahamiaji, ambao sasa wengi wana asili ya Jamhuri ya Dominika. Sehemu kubwa yao hukaa The Point, mtaa uliozaliwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Naumkeag, ukaungua mwaka 1914 na kujengwa upya haraka kwa nyumba za ghorofa tatu, nyingi za matofali, zenye ngazi na veranda za mbao upande wa nyuma. Hakuna kiingilio wala kamba ya kuzuia watu. Katika miaka ya karibuni mtaa huo nao umeandikishwa kwenye rejesta ya taifa ya maeneo ya kihistoria, na wapangaji wake wanaendelea kulipa kodi kila mwezi.